Usishindane na Saa Ukiwa Mezani

Kila tarehe 4 Julai, jua la Kampala linapokaribia kuzama, New York ni mchana, na maelfu ya watu wamejazana Coney Island kutazama wenzao wakila. Mbele yao kuna meza ndefu, vikombe vya maji na sahani zilizojaa mikate ya soseji. Mtangazaji mwenye kofia ya ukindu anawataja washindani mmoja mmoja kwa sauti ya pambano la ngumi. ESPN imekuwa ikirusha mashindano hayo tangu 2004, na usiku huohuo vipande vyake vinafika kwenye simu zetu: ndani ya teksi iliyokwama Wandegeya, saluni, bwenini baada ya taa kuzimwa. Mwaka 2021 Joey Chestnut wa Marekani alimaliza mikate 76 kwa dakika 10. Septemba 2, 2024, katika pambano lililorushwa moja kwa moja na Netflix, alifikisha 83 na kumshinda hasimu wake wa miaka mingi, Mjapani Takeru Kobayashi, aliyemaliza 66.

Nawaandikia wanaovitazama vipindi hivyo wakavipenda, wazazi wa watoto wanaoviiga, na walimu, maMC na wenye migahawa ambao mwisho wa mwaka huombwa waandae "mashindano ya kula" ili kuchangamsha sherehe. Simwombi mtu azime televisheni. Naomba jambo moja lieleweke vizuri, kwa sababu nimeona halieleweki hata kwa watu makini: watu wengi huogopa wingi wa chakula, kumbe kinachoua haraka ni saa iliyowekwa pembeni mwa sahani.

Kwa nini tunavipenda

Tuanze kwa kuvitendea haki. Vipindi hivi vina mvuto wa kweli, na mtu asiyekiri hivyo hawezi kumshauri kijana akamsikiliza.

Chakula kwetu kina adabu yake. Katika nyumba za Buganda mtoto hufundishwa mapema kunawa, kukaa vizuri kwenye mkeka, kutotangulia wakubwa, kutozungumza na tonge mdomoni, na kumshukuru aliyepika kabla ya kuinuka. Pwani nako mlafi hupewa jina ambalo litamfuata hadi uzeeni. Sasa mbele ya macho yako anatokea mtu mzima anayevunja kila kipengele cha adabu hiyo, na badala ya kukemewa anashangiliwa na kuvishwa mkanda wa ubingwa. Burudani yake iko hapo. Mtu anashuhudia mwiko ukivunjwa bila yeye mwenyewe kuvunja chochote.

Kuna pia ustadi. Kobayashi alipofika Coney Island mwaka 2001 alikuwa kijana mwembamba ambaye hakuna aliyemtazamia makubwa. Rekodi ya wakati huo ilikuwa mikate 25 na ushei kwa dakika 12, naye akala 50. Waandaaji waliishiwa vibao vya namba wakalazimika kuandika kwa mkono. Alikuwa ameivunja kazi ile vipande vipande kama fundi: soseji anaikata katikati kwa mikono, mkate anauchovya kwenye maji ili ulainike, mwili anautikisa ili chakula kishuke. Ukitazama kwa jicho la ufundi, utaelewa kwa nini watu walimheshimu.

Vipindi vya aina nyingine vina faida inayoonekana hata mfukoni. Man v. Food, kilichoanza mwaka 2008 kwenye Travel Channel, kilimzungusha mtangazaji wake, Adam Richman, katika migahawa midogo ya miji ya Marekani, na mingi ilipata wateja ambao isingewapata kwa njia nyingine. Mwuza rolex wa Kampala, anayekunja mayai ndani ya chapati kando ya barabara tangu alfajiri, angefurahi sana kamera ya namna hiyo ikisimama mbele ya kibanda chake, na mimi ningefurahi pamoja naye.

Halafu upo upweke, ambao hautajwi mara nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, nchini Korea Kusini vilishika kasi vipindi vya intaneti vinavyoitwa mukbang, ambamo mtu hukaa mbele ya kamera akala huku akizungumza na watazamaji. Waliovifuata zaidi walikuwa watu wanaokula peke yao. Nenda Kikoni, karibu na Makerere, saa mbili usiku, uone ni vyumba vingapi vina mwanafunzi mmoja, sahani moja ya katogo, na simu iliyoegemezwa kwenye kikombe. Simlaumu mwanafunzi huyo kwa kutafuta mtu wa kula naye.

Lakini mvuto mkubwa kuliko yote, naona, ni kwamba mashindano haya yanafanana na kitu ambacho kila mtu anakiweza. Agosti 14, 2020, mjini Monaco, Joshua Cheptegei alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35 na kuweka rekodi ya dunia. Ni karibu muda uleule aliopewa Kobayashi kula mikate yake 50. Hakuna aliyemaliza kumtazama Cheptegei akatoka nje kujaribu mwendo wake. Na hata angejaribu, mapafu na miguu vingemgomea kabla ya mita 400, akakaa chini akihema, akacheka, mambo yakaisha. Koo haligomi hivyo. Hukubali tonge la kwanza, la pili na la tatu bila dalili yoyote, na ishara ya kwanza ya kwamba umezidisha inaweza kuwa ni kukosa pumzi.

Nani analipia chakula kile?

Kabla ya kuviamini vipindi hivi, jua vinatoka wapi. Kwa miaka mingi umma uliambiwa kwamba mashindano ya Coney Island yalianza mwaka 1916, kwamba wahamiaji wanne walibishana nani ni Mmarekani zaidi wakaamua ubishi kwa kula. Mwaka 2010 Mortimer Matz, mtu wa matangazo aliyeifanyia kazi kampuni ya Nathan's Famous, alikiri kwamba yeye na mwenzake ndio waliotunga hadithi hiyo. Mashindano yenyewe yalianza miaka ya 1970, na lengo lilikuwa kuuza soseji. Bado ni tangazo la biashara. Mwaka 2024 Chestnut alizuiwa kushiriki kwa sababu alikuwa ameingia mkataba na kampuni ya kutengeneza vyakula vinavyofanana na nyama lakini vya mimea. Bingwa mara 16 alikaa nje kwa ajili ya nembo.

Tangazo si dhambi. Mtazamaji akumbuke tu kwamba kamera imewekwa na mwenye soseji. Zawadi ya mshindi ni dola 10,000, na washiriki wengi hurudi nyumbani mikono mitupu wakiwa na tumbo lililoumuka. Wanaoishi kwa kazi hii duniani ni wachache mno. Kijana anayewaza kwamba atajifunzia Kampala na siku moja apate kipato huko, mzazi amwambie ukweli huo mapema.

Yanayokatwa kabla hayajafika kwenye skrini

Mwaka 2007 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walifanya jambo ambalo televisheni haiwezi kulionyesha: walimpiga picha za eksirei mshindani mmoja wa kula akiwa anakula. Pembeni walimweka mtu mwingine mwenye hamu nzuri ya chakula kwa ajili ya kulinganisha. Mtu wa kawaida alifika soseji 7 akasema akiongeza moja atatapika. Mshindani alifika 36 kwa dakika 10, ndipo madaktari wakamsimamisha. Katika picha zake tumbo lilikuwa limegeuka mfuko mkubwa uliolegea, usiojikamua kama linavyofanya tumbo la mtu mwenye afya ili kusukuma chakula mbele. Mshindani mwenyewe alisema hasikii shibe. Madaktari wakaonya kwamba tumbo lililozoezwa hivyo kwa miaka linaweza kushindwa kabisa kurudi katika hali yake, likamwachia mtu kichefuchefu na kutapika kusikokoma, hata kuhitaji upasuaji.

Onyo hilo halikubaki kwenye karatasi. Mwaka uleule wa 2007 Kobayashi alitangaza kwamba taya lake lina ugonjwa wa viungo na kulifungua ni maumivu. Mwaka 2024, katika filamu ya Netflix kuhusu afya ya utumbo, alisema amefikia hatua ya kutosikia njaa wala kushiba. Ni yule yule aliyeshangiliwa mwaka 2001. Richman naye aliachana na changamoto hizo mapema mwaka 2012, na baadaye akapunguza zaidi ya kilo 25 za uzito.

Kuna mambo mengine ambayo kamera huyaruka. Wapo wanaojizoeza kwa kunywa maji mengi kwa haraka ili kulitanua tumbo, na hilo peke yake linaweza kuua, kama nitakavyoeleza. Wapo wanaofunga siku nzima kabla ya kipindi. Wapo wanaotapika mara kamera ikizimwa. Mwaka 2020 televisheni ya taifa ya China ilifichua kwamba baadhi ya waonyeshaji wa kula kupita kiasi walikuwa wakitema au kutapika chakula kisha kipande hicho kinakatwa. Mtoto wa Kampala anayemwona binti mwembamba akimaliza bakuli 10 za tambi hajui kwamba huenda hata moja haikubaki tumboni.

Ligi inayosimamia mashindano ya Marekani, kwa upande wake, hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18, huweka wahudumu wa dharura jukwaani, na hutamka wazi kwamba mtu asijaribu wala kujizoeza nyumbani. Tahadhari hizo husomwa haraka au huandikwa kwa herufi ndogo, na kipande cha sekunde 30 kinapofika kwenye simu yako huwa zimeshapotea njiani.

Kuhusu lishe yenyewe sina haja ya kukaa sana. Mkate mmoja wa soseji wa aina hiyo una kalori zinazokaribia 300, na chumvi yake ni nyingi kiasi kwamba mikate mitatu hivi inakufikisha kwenye kiwango cha gramu 5 kwa siku kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mwenye shinikizo la damu au kisukari hahitaji hesabu zaidi ya hiyo.

Saa inavyoua

Chakula na hewa hupita mahali pamoja kooni kabla ya kuachana, chakula kikielekea umio na hewa ikielekea mapafu. Kila unapomeza, kifuniko kidogo hushuka kuziba njia ya hewa kwa muda mfupi na pumzi husimama. Kazi hiyo inahitaji mambo mawili: tonge liwe limetafunwa na kulowa mate, na pasiwe na kuvuta pumzi, kucheka wala kuzungumza wakati huo. Sasa weka saa. Mtu hatafuni vya kutosha, anapachika tonge juu ya tonge, anavuta pumzi kwa pupa katikati, na umati unamchekesha. Kila kinga ambayo koo limepewa imeondolewa. Tonge kavu likiziba njia ya hewa, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache.

Ndiyo maana waliokufa katika mashindano ya kula, kwa sehemu kubwa, si mabingwa wa mikate 76. Ni watu wa kawaida katika sherehe za kawaida. Mwaka 2002, mkoa wa Aichi nchini Japani, mwanafunzi wa miaka 14 alipaliwa na mkate akishindana na wenzake wakati wa chakula cha mchana shuleni, akafa. Vipindi vya kula vilikuwa vimepamba moto wakati huo, na baada ya kifo chake vituo vya televisheni vikavisimamisha kwa muda. Novemba 2016, mjini Hikone, nchi hiyohiyo, kijana wa miaka 28 alisakamwa katika shindano la kula madonge ya wali matano kwa dakika tatu, akafariki siku chache baadaye. Mwaka 2017, katika chuo kimoja cha Connecticut, Marekani, mwanafunzi wa kike wa miaka 20 alikufa baada ya shindano la chapati za maji lililoandaliwa kwa nia njema. Tarehe 26 Januari 2020, huko Hervey Bay nchini Australia, mama wa miaka 60 alipaliwa na keki katika shindano la sikukuu ya taifa.

Angalia vyakula hivyo: mkate, wali, chapati, keki. Hakuna cha ajabu hata kimoja, na kila kimoja kina ndugu yake hapa kwetu. Mkate mkavu bila kinywaji, ambao ndio hupendwa na maMC wa sherehe za shule. Mayai ya kuchemsha. Muhogo wa kuchoma. Chapati ya kikomando iliyokunjwa ikalowa maharage nje, lakini ndani kavu. Ukiniuliza kipi nikiondoe kwanza, nitasema yai la kuchemsha na mkate mkavu, kwa sababu kimoja huteleza kizima kabla hakijatafunwa na kingine huvimba kikanata.

Maji nayo yasidharauliwe. Januari 2007 kituo kimoja cha redio cha Sacramento, California, kiliandaa shindano la kunywa maji bila kwenda haja ndogo, zawadi ikiwa mashine ya michezo ya watoto. Muuguzi mmoja alipiga simu studio, hewani, akawaonya watangazaji kwamba jambo hilo linaua. Wakajibu kwamba washiriki wametia saini. Mama wa miaka 28, mwenye watoto watatu, alirudi nyumbani akilalamika kichwa na akafa siku hiyohiyo. Maji mengi yakiingia haraka, chumvi ya damu hushuka, na ubongo huvimba ndani ya fuvu ambalo halina nafasi ya kuongezeka. Mwaka 2009 baraza la mahakama liliiamuru kampuni ya redio ilipe familia zaidi ya dola milioni 16. Saini haikuwaokoa watangazaji, na kila mtangazaji wa redio wa Kampala anayepanga mchezo wa "nani atamaliza kwanza" aijue kesi hiyo.

Kushindana kunywa pombe ni jambo ambalo sina neno la kati juu yake: lisifanyike. Waragi inayonywewa kwa kushindana hufika kwenye damu baada ya mtu kuwa ameshamaliza chupa, na aliyeachwa "alale kidogo" anaweza kusahau kupumua au kuvuta matapishi yake.

Ukiombwa kuandaa

Sherehe inahitaji mchezo, na chakula huvuta watu. Ushauri wangu kwa mwalimu au MC ni kuondoa saa na kubakiza chakula. Funga washiriki macho, waonje michuzi mitano na waseme ni binyebwa, maharage au kitu gani. Shindanisha watu wazima kumenya matooke, kazi ambayo ina ufundi wa kweli na ambayo bibi wa miaka 70 atawashinda vijana wote huku uwanja ukilipuka kwa vifijo. Shindanisha wapishi, waonjaji wawe waamuzi.

Mfano mkubwa kuliko wote uko hapahapa jirani. Novemba 2021, Kasokoso, wilayani Wakiso, Raymond Kahuma na timu yake ya watu takriban 60 walitengeneza rolex ya kilo 204.6 kwa mayai 1,200. Walihangaika kwa zaidi ya saa 14 juu ya kikaango na Guinness ikawapa rekodi ya dunia. Taratibu za Guinness kwa vyakula vikubwa hutaka chakula kiliwe na kisitupwe. Shindano lile lilikuwa na jasho, wasiwasi, umati na ushindi, yaani kila kinachotafutwa na televisheni, bila mtu hata mmoja kulazimika kumeza kwa pupa. Najiuliza kwa nini vituo vyetu havioni kwamba hicho ndicho kipindi cha kutengeneza.

Ikiwa mdhamini ameng'ang'ania shindano la kula lenyewe, basi msimamizi awe na msimamo. Watoto wasishiriki kabisa, wala aliyekunywa pombe, mjamzito, mwenye kifafa, kisukari, shida ya kumeza au meno ya bandia. Chakula kiwe laini, kikatwe vipande vidogo, kiliwe kwa kukaa, na kikomo kiwe sehemu ndogo ya chakula ambayo mtu mzima angeimaliza bila shida. Anayeshinda awe aliyemaliza kwa usafi au kwa madoido ya kuchekesha, asiwe wa kwanza kumaliza. MC asimsemeshe mtu mwenye tonge mdomoni, jambo ambalo karibu kila MC hulifanya. Na pawepo mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza, aliyesimama hatua mbili kutoka mezani, asiye na kazi nyingine. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda hutoa mafunzo hayo kwa shule na kampuni. Gari liwepo na dereva awe ndani yake, kwa maana foleni ya Jinja Road haina huruma na mgonjwa.

Kuna jambo moja la dhamiri ambalo siwezi kulipita. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 uliwakuta watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Uganda wamedumaa. Katika madarasa ya shule nyingi za kutwa wapo wanaokaa hadi jioni bila kitu tumboni. Kuwaita watoto hao uwanjani waangalie mkate ukimwagwa chini na soda ikitiririka kwenye mashati ni ukatili, hata kama wao wenyewe wanacheka. China ilifika mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2021 dhidi ya upotevu wa chakula inapiga marufuku vipindi vya kula kupita kiasi, na kituo kinachokaidi kinaweza kutozwa faini hadi yuan 100,000. Sitaki tufike huko, kwa kuwa marufuku huvipeleka vipindi vichochoroni kwenye simu, ambako hakuna onyo wala mhudumu. Nataka kituo kinachorusha kipindi cha aina hii kiweke onyo linalosomeka, kionyeshe wahudumu wa afya waliopo, na kisiwatumie watoto. Mtazamaji anayeona vinginevyo ana haki ya kuandikia kituo, na asipojibiwa, kulalamika kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ambayo ndiyo inayosimamia viwango vya utangazaji. Andika jina la kituo, kipindi, tarehe na saa.

Nyumbani

Tazama na mtoto, usimwache peke yake na kipindi hicho. Mwulize anadhani kilitokea nini baada ya kamera kuzimwa, kisha mweleze. Kama ameanza kula kwa siri, kumeza bila kutafuna, kujifungia msalani mara baada ya chakula, au kuacha kula ili "kujiandaa", usimcheke wala usimchape. Mpeleke kwa daktari, kwani matatizo ya ulaji ni ugonjwa na hutibika. Na chakula cha usiku kiliwe simu ikiwa mbali. Ishara ya shibe huchelewa kufika kwenye ubongo kwa dakika 20 hivi, na anayekula huku akitazama mwingine akila huwa ameshapita kipimo chake kabla haijafika.

Mtu akipaliwa

Mwulize: "Umepaliwa?" Akiweza kujibu au kukohoa kwa nguvu, mwache akohoe, usimguse mgongo, kaa naye. Akishindwa kutoa sauti, akishika koo, midomo ikibadilika rangi, usisubiri. Msimamishe ukiwa ubavuni kwake, mwinamishe mbele, umpige mara 5 kwa nguvu katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Ikishindikana, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono mwingine, vuta ndani na juu kwa ghafla mara 5. Endelea kupokezanisha, 5 za mgongo na 5 za tumbo, hadi kitu kitoke. Kwa mjamzito au mtu mnene sana, bana katikati ya kifua badala ya tumbo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze na umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Tumbo lake lisiguswe kamwe.

Usimpe maji. Usimpe tonge la posho au ndizi ili "lisukume", kama wengi tulivyofundishwa kwa mwiba wa samaki. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, maana utakizamisha zaidi.

Akipoteza fahamu, mlaze chali sakafuni, mtu mwingine apige 999 au 112, nawe anza kubonyeza kifua: mara 30 kwa kasi, kisha pumzi 2, ukitazama mdomoni kila unapotaka kumpa pumzi na kutoa kile tu unachokiona. Usiache hadi apumue au msaada ufike. Na akishapona, hata kama anacheka na kusema hana neno, apelekwe hospitali iliyo karibu, iwe Mulago, Kiruddu au Naguru, kwa sababu kubanwa tumbo kunaweza kujeruhi ndani, na kipande cha chakula kinaweza kuwa kimebaki kwenye pafu. Mwambie daktari alikula nini, na kwamba alibanwa tumbo.